Rangi ya Kucha kwenye Corolla Nyeupe

Papa Deo,

Ni mimi Mado. Wiki sita zimepita tangu tukuzike. Nimefanya kosa, Papa, na wewe ndiye ningekuambia kwanza, ndiyo maana nakuandikia ingawa najua hutanijibu.

Garaji iko. Mkeo Mama Chantal amekataa kuiuza. Akifunga saloni yake kule town anapanda taxi hadi hapa Sydenham, anauliza kama mume wake ameniachia kazi au mateso. Kwa wateja mimi bado ni yule dada wa kupaka kucha. Mmoja aliniuliza kama gari litakauka kabla ya saa kumi. Nilicheka, lakini nilimrudishia likiwa zima.

Unakumbuka ulivyonitoa saloni? Ulisema mkono usiotetemeka kwenye kucha hautatetemeka kwenye nati. Siku ya kwanza ukanisimamisha mbele ya Corolla, ukanisimulia ukoo wake kana kwamba unanitambulisha kwa wakwe. Babu alizaliwa Japani miaka ya sitini, gari la mtu wa mshahara mdogo, likisukumwa na magurudumu ya nyuma. Wajukuu wakageuza mambo, wakavutwa na ya mbele. Wengine walifika kwetu Uvira kupitia Dubai, usukani kulia na barabara kulia, dereva anamwuliza abiria kama njia iko wazi. Wengine wakaundwa hapahapa Durban, ndiyo maana wamejaa. "Si gari la sifa," ulikuwa unasema. "Ni gari la kwenda na kurudi."

Kurudi. Neno hilo sasa linanitisha.

Kile kichupa chekundu cha rangi ya kucha nilikuja nacho mimi, wewe ukakifanya sheria. Nati uliyoikaza kwa mara ya mwisho inapata tone moja. "Nyekundu ni kiapo, Mado." Anayeiona haulizi tena.

Ulipoanguka, Corolla nyeupe ya yule papa Mrundi ilikuwa juu ya stendi, umeshaifungia viungo vipya vya usukani. Tulipotoka makaburini nilirudi garaji peke yangu. Niliona kila kitu kiko mahali pake, ila nyekundu haikuwepo. Nililia sana. Nikasema Papa hakupata nafasi ya kumaliza, ngoja nimmalizie. Nikapaka nati zote, taratibu, kama kucha za bibi harusi. Spana sikuishika. Nikarudisha tairi, nikaishusha Corolla. Kesho yake mwenyewe alikuja, nikamwonyesha nyekundu yako, akashukuru, akaondoka.

Jumatatu hii Mama Chantal alinipa ovaroli yako niifue. Mfukoni nilikuta kipini kipya, kile kinachopita kwenye nati ya usukani ili isijifungue. Ulikuwa umekifunga kwenye karatasi na kuandika kwa penseli: Corolla nyeupe, kushoto.

Eish, Papa. Nati ile ya kushoto niliipaka kiapo bila kipini ndani yake.

Namba ya yule papa Mrundi ilikuwa kwenye simu yako, na simu ilipotea siku tuliyokukimbiza hospitali. Namba ya gari sikuiandika, wewe ndiye ulikuwa unazikariri. Nimeuliza kwenye makanisa ya Warundi, wananijibu, Corolla nyeupe ipi? Wana haki. Wewe ulijivunia wingi wao, na wingi huohuo ndio unanimaliza. Nakumbuka kitu kimoja tu: kiatu cha mtoto, cha njano, kwenye kiti cha nyuma.

Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua garaji, nasimama kwenye robot ya Overport, zile taa za kuongoza magari, pale mteremko unapoanzia. Nachungulia viti vya nyuma. Watu wananipa sarafu, wanadhani naomba.

Jana ilipita moja. Mtoto alikuwa nyuma, ameinua miguu hadi kwenye kioo. Njano. Niliita, nikapiga boneti la gari lililonizuia, lakini robot ikawa kijani na wao wakateremka na gari lao. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa inacheza. Labda ni macho yangu. Naogopa, Papa.

Pumzika wewe, mimi bado nina kazi yako. Nakuahidi, sitapaka tena nyekundu mahali ambapo spana yangu haijapita. Kichupa nimekirudisha saloni. Kesho nitakuwa pale kwenye robot, spana kwenye mkoba, kipini chako mkononi. Wakipita tena sitaita. Nitasimama katikati ya barabara, mbele yao.

Mado wako