Barua ya Paskalia Niliyoifungua

Kibakwe, Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo, na ya Mama uipokee hapo hapo. Goti linaendeleaje? Na mikorosho, imetoa maua au upepo umeyapukutisha tena? Mimi mwili ni mzima. Huku milimani baridi haina adabu, naingia darasani na kanga mbili mabegani, wanafunzi wananicheka. Moyo ndio hauko sawa, na wa kumweleza nimeona ni wewe.

Mwezi uliopita niliwafundisha Kidato cha Pili haki za mtu zilikotoka. Nikawasimulia habari za Bibi, kama ulivyonisimulia: askari wa kodi wa mkoloni walivyosukuma mlango wake wakapekua mpaka uvunguni wakimtafuta Babu. Nikawaambia haki hizi hatukupewa zawadi, zilidaiwa na watu waliochoka kusukumiwa milango. Ndiyo maana leo katiba inalinda nyumba ya mtu na barua zake. Nikatoka najiona mwalimu kweli kweli.

Mchana wa siku hiyo hiyo nikakaa ofisini kufungua barua za wanafunzi. Ndio utaratibu wa bweni letu, Baba. Simu hawaruhusiwi, na mwalimu wa malezi, yaani mimi, husoma kila barua inayoingia na inayotoka. Miaka minne nimefanya hivyo bila kujiuliza.

Moja ilikuwa ya Paskalia, binti mpole wa darasa lile lile, mtoto wa wakulima wa Chemba. Mama yake alimweleza kwamba baba yuko mahabusu, anatuhumiwa kuiba ng'ombe, na asimwambie mtu. Nilimhurumia sana. Na kwa huruma hiyo hiyo nikamnong'oneza mwalimu mwenzangu. Wiki haikuisha, ndoo ikapotea bwenini, na mwenzangu huyo ndiye aliyekuwa zamu. Akamsimamisha Paskalia mbele ya shule nzima.

"Wewe fungua sanduku kwanza. Kwenu wizi si jambo geni."

Ndoo ilikutwa jikoni. Nilimwita Paskalia nikamwomba radhi. Alinisikiliza, mikono nyuma, kisha akauliza, "Mwalimu, ile haki ya barua inaanzia kidato cha ngapi?" Hakuuliza kwa jeuri. Ningefurahi kama angenitukana.

Nimemwambia mkuu wa shule kwamba sifungui tena barua ya mtoto. Amesema litajadiliwa kikaoni. Ofisini wananiona najitia utakatifu, na huenda nikanyang'anywa malezi. Wanyang'anye.

Jana Paskalia alileta barua ya kwenda kwa mama yake, iko wazi kama utaratibu unavyotaka. Nikamrudishia pamoja na gundi, nikamwambia aifunge mwenyewe. Hakuigusa.

"Soma tu, Mwalimu," akasema. "Sina tena cha kuficha."

Akaiacha mezani, akaenda kuchota maji. Niliifunga mimi, macho nimeyaelekeza dirishani, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi hii.

Nisalimie Shangazi, na mdogo wangu wa cherehani umwambie gauni lilinikaa vizuri. Mama nimemwandikia yake, imo humu ndani katika bahasha ndogo. Najua barua zake huwa unamfungulia. Hii mpe ikiwa imefungwa.

Mwanao akupendaye,
Somoe