Jina Lililotajwa Kila Jumamosi

Kitengela,
Jumatatu, 17 Agosti 2009.

Kwa ndugu yangu Dahir wa Rombo,

Kosa wanalofanya watu wengi siku hizi ni kudhani kwamba salamu ya mtandaoni ni ile ile ya redioni, ila imeongezewa mwendo. Nitakueleza kwa nini si hivyo, lakini kwanza nikusalimu polepole, kwa kuwa karatasi ninayo ya kutosha na hakuna mtu anayenisubiri. Hujambo wewe? Mkeo Ugbad hajambo, na lile goti lake limetulia? Duka linaendaje? Mbuzi wako wanapata majani huko mpakani, au nao wamekuwa kama wa huku? Tangu mvua zikose, ng'ombe wa Kajiado wanaanguka njiani wakipelekwa sokoni, na mnunuzi anataja bei huku akihesabu mbavu. Mimi mwili uko, ni macho tu yanayotaka miwani mipya. Najua Ramadhani inaingia mwisho wa wiki hii. Mungu akupe wepesi wa kufunga.

Utashangaa kupata barua wakati namba yangu ya simu unayo. Nimejaribu, Dahir. Kila ukinipigia unaniuliza upesi kama tuko wazima, nami najibu tuko wazima, unacheka, kisha salio linaisha. Habari niliyo nayo haiwezi kupita katika nafasi hiyo.

Bila shaka ulimsikia mtangazaji wetu. Kadi za salamu zitasomwa kwa mara ya mwisho Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa mwezi huu. Baada ya hapo kila mtu ataandika salamu zake kwenye ukurasa wa kipindi huko mtandaoni, na kipindi chenyewe kitakuwa muziki tu. Yule kijana anayemsaidia akamtania kwamba hatimaye mzee ataacha kupiga chafya kwa vumbi la makaratasi, wakacheka wote wawili. Sikuweza kucheka nao. Kuna kitu changu kimoja kinachokaa ndani ya kadi hizo, na hakina mahali pengine pa kukaa.

Ili unielewe, nikurudishe nyuma kidogo. Ulipoandika kadi yako ya kwanza nilikuwa bado nafundisha Kajiado. Nilikuwa nimewasalimu wote wanaosikiliza redio wakiwa peke yao, nawe ukajibu kwamba wewe ni mmoja wao, umefungua duka Rombo, unauza sukari na betri, na watu wa huko bado wanakuita mgeni. Tangu hapo hukukosa Jumamosi hata ulipokuwa na malaria. Ulikuwa ukimsalimu Mwalimu Saning'o na Mama Lemayian, mpaka siku ile mke wangu aliponinyang'anya kalamu akajaza kadi yake mwenyewe. Sijui kama unakumbuka maneno yake. Alisema mtangazaji amwambie Msomali wa Rombo kwamba Mama Lemayian ni kazi, si jina, na kwamba yeye alizaliwa akiwa na jina kama watu wengine, akalitaja. Mtangazaji alicheka mpaka wimbo ukachelewa kuanza. Wiki iliyofuata ukamwomba radhi hewani na kumsalimu kwa jina hilo. Nilimuuliza kama sasa ameridhika, akanijibu kwamba ilibidi amtafute mwanamume wa mbali kwa kuwa wa karibu alishasahau.

Alikuwa na haki. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Mama yangu alimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, kanisani hivyo, nami pia, miaka yote. Jina lake mwenyewe lilibaki kwako wewe tu, ambaye hatujawahi hata kuonana uso kwa uso.

Baadaye ukajifunza kwa wateja wako namna Wamaasai wanavyomsalimu mwanamke, ukaanza kuandika "takwenya" mbele ya jina lake. Sijawahi kukwambia alichokuwa akikifanya. Popote alipokuwa, hata kama alikuwa nje anakamua, akisikia takwenya ile alijibu "iko!" kwa sauti, kama inavyopasa kujibu. Nikamweleza, kwa uvumilivu wote wa mwalimu, kwamba redio haina masikio na kwamba wewe uko Rombo. Akaniambia kwamba hilo analijua vizuri kuliko mimi, ila mtu akisalimiwa huitikia, na kama nina wivu nijitafutie duka.

Sasa nikueleze ninavyoishi. Kama ujuavyo, nilihamia Kitengela kwa Lemayian mwanzoni mwa mwaka jana. Nyumba ni nzuri, ya mawe, maji yako ndani. Pale ambapo zamani tulipita na mifugo sasa ni ploti na maghorofa. Nikila nashiba, nikikohoa mtu anakuja, kwa hiyo usidhani nalalamika. Lakini jioni, Dahir, sebule inakuwa kama chumba cha kungojea daktari. Lemayian yuko kwenye kompyuta yake. Mkewe Virginia yuko kwenye simu. Watoto wamegawana waya mmoja wa kusikilizia, kila mmoja sikio moja, wanatazama filamu ya diski. Runinga nayo inasema peke yake. Wote wanacheka, lakini kila mmoja kwa wakati wake. Nikiuliza kinachochekesha, hawaninyimi, mtu ananisogezea simu mpaka puani. Nikimaliza kutafuta miwani, kicheko kimeshapoa na yeye mwenyewe hajui tena anielezee nini. Zamani redio ilikuwa moja na betri zilikuwa haba, tukacheka kwa pamoja kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Siwalaumu. Nakueleza tu kilichobadilika.

Basi Jumamosi mimi huchukua redio yangu, nikaingia chumbani na kufunga mlango. Wanadhani nakimbia kelele.

Majuzi ndipo jambo lilipotokea. Mpwa wako Burhan aliandika salamu zako kwenye ule ukurasa, naye alifanya kwa nia njema, usimgombeze. Aliandika takwenya, akaandika jina la mke wangu, akataja na mimi wa Kitengela. Virginia aliiona kwenye simu yake. Akaja mlangoni kwangu, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, huyu rafiki yako hajaambiwa?" Akanionyesha. Chini ya salamu yako watu walikuwa wameanza kuandika maneno yao. Mmoja alikuwa Parsaoti, mtoto wa kaka yangu kule Kajiado, na aliandika kwamba huyo anayesalimiwa hayupo, na kwamba heri watu wawe wanauliza kwanza. Virginia alimpigia simu papo hapo. Parsaoti akasema yeye aliona ni makosa tu akasahihisha, sasa kosa lake ni lipi? Virginia akamwambia afute kwanza, maswali baadaye. Akafuta. Kama Burhan aliyasoma kabla hayajafutwa, sijui.

Hiyo ndiyo tofauti niliyotaka kukueleza. Salamu ya redioni hupita. Hakuna anayeweza kusimama chini yake akaandika kwamba si kweli. Ile ya mtandaoni hukaa pale pale, na kila mpita njia ana kalamu.

Dahir, mke wangu alifariki mwaka juzi, mwezi wa Novemba. Ni presha. Aliamka asubuhi akilalamika kichwa, jioni hakuwa akinitambua, na hospitali hatukukaa naye hata siku mbili. Tulimzika nyumbani Kajiado. Ndiyo sababu nilihamia huku, sikuja na mtu.

Utaniuliza kwa nini nilikuacha umsalimu marehemu muda wote huu. Nitakujibu bila kuzunguka. Kwetu mtu akishazikwa, jina lake halitamkwi tena na watu wake. Mchungaji alilisoma kaburini, nalo limeandikwa kwenye msalaba, lakini nyumbani hakuna anayelisema, wala mimi, na sasa huwa tunasema tu "yule mama." Ni heshima, sipingani nayo. Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi nilikuwa nimeketi nje na ile redio, waombolezaji wameondoka, na mtangazaji akasema takwenya, akalitaja jina lake, kutoka kwa Dahir wa Rombo. Nikatazama upande wa zizi. Nikangoja aitikie. Wimbo wako ukapigwa mpaka mwisho, mimi bado nangoja.

Nilikusudia kukuandikia wiki ile ile. Kisha nikafikiri kwamba nikikwambia, utaacha, na duniani kote hapatakuwa na mtu wa kulisema tena. Nikasema nikuachie Jumamosi moja zaidi. Nyingine nayo ikaja. Ndivyo ilivyokuwa. Uliponiuliza kwa simu kama tuko wazima nilikujibu "tuko," na hilo moja ndilo ninalokuomba unisamehe, pamoja na Ugbad, kwa sababu nimewanyima nafasi ya kumwombea. Mwombeeni sasa kwa namna ya dini yenu, atafurahi. Angeuliza tu kwa nini mmechelewa.

Virginia amejitolea kunifungulia ukurasa wangu ili tuwe tunaandikiana mimi na wewe. Nimekubali. Huenda nikazoea. Jana aliketi nami chumbani akaniuliza mama huyo alikuwa mtu wa namna gani, maana yeye aliishi huku mjini, wakaonana siku za sikukuu tu. Nilianza kumsimulia habari ya ile kadi, nikafika pale anapolitaja jina, nikakwama. Labda umeona kwamba hata katika barua hii nimelizunguka. Mdomo haujaweza. Nataka kujaribu mkono.

Nisalimie Ugbad, mwambie goti alikande kwa maji ya moto na asipande ngazi za stoo. Nisalimie Burhan, mwambie sina kinyongo naye hata kidogo. Lemayian na Virginia wanawasalimu, watoto nao wanawasalimu bila kuinua macho.

Leo hii unaposoma, kabla hujafunga duka, jaza kadi moja ya mwisho, andika takwenya Soipan, peke yake, bila jina langu, uipeleke posta.

Rafiki yako,
Mwalimu Saning'o.