Orville Stamper na Beji Iliyobaki Kwenye Msumari

Mwaka umetimia, Orville, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Jumapili, wenzako wa kwaya wakiimba kanisani bila besi yako.

Bado tunakutafuta nyumbani humu. Nyanya zako za bustanini zimezaa kwa fujo, na binti yetu Darla kazigawa mtaa mzima kama ulivyozoea wewe, anawaachia watu mlangoni bila hata kubisha hodi. Hakuna aliyekuletea gari bovu akaondoka nalo bovu. Mkate wangu wa mahindi ukiungua, uliula na kuusifu, mwongo mkubwa wewe.

Lakini kazi yako hatuijui. Miaka yote ile kwenye kiwanda cha serikali cha urani, madini ya nyuklia, ng'ambo ya mto, hukutuambia chochote. Uliapa kutunza siri, ukaitunza. Nikikuuliza siku ilikuwaje, ulijibu, "Ndefu, mke wangu. Lete maharage." Hata daktari alipokuuliza umevuta hewa gani kazini, wewe usiyejua ladha ya sigara, ulitazama ukuta.

Sasa sikia walichotufanyia. Tulidai fidia ya saratani yako ya mapafu. Ofisi ya serikali ikasema lazima kwanza wakadirie mionzi iliyokuingia kazini. Ikionekana ni mingi kiasi cha kutosha kuleta ugonjwa ule, watakubali kwamba kazi ndiyo iliyokuua. Akanipigia simu kijana mmoja wa sauti laini.

"Mama, mumeo alikuwa jengo gani?"

"Sijui."

"Alikuwa anashika vitu gani?"

"Mwanangu, aliapishwa asiseme. Si ninyi wenyewe wa serikali mliomwapisha?"

"Pole sana, mama. Basi naandika kwamba hujui."

Na kweli akaandika! Mnamfunga mtu mdomo maisha yake yote, halafu mnamdai mjane wake maneno! Makadirio yakarudi: mionzi kidogo mno, dai limekataliwa. Eti beji yako ya kupimia mionzi, ile ya kuvaa kifuani, karibu kila mara ilisoma sifuri.

Virgil Tackett, mwenzako wa zamu, nilipomsimulia hayo mezani kwetu akila pai, alicheka mpaka akakohoa.

"Sifuri? Shemeji, kazi ikiwa chafu, msimamizi alituamuru tutundike beji msumarini, kule tulikobadilishia nguo. Beji ikifika kikomo cha mionzi unaondolewa kwenye kazi, na wa kukushikia nafasi hayupo. Hao wamepima msumari, hawakumpima Orville."

"Basi njoo ukawaambie kwenye rufaa tuliyokata."

Kicheko kikamkauka. "Niliapa, shemeji."

"Orville naye aliapa. Nenda kaburini ukamtazame."

Akaondoka, pai yake ameiacha nusu. Nilimwonea kinyaa, Orville, nisikufiche. Nilimwonea kinyaa yeye, na msimamizi wenu, na kijana yule na pole zake, na kila aliyekadiria mapafu yako akiwa ameketi kwenye kiti chake, akayaita hayo sayansi. Mpaka leo nikikumbuka natamani kutema mate.

Jana Virgil alirudi, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Rufaa ni lini?"

"Alhamisi."

"Nipitie saa mbili asubuhi. Gari langu halina breki tangu Orville afe."

Na ninyi wengine mliotundika beji, mnajijua, na gazeti hili mnalisoma. Garini kwetu kuna nafasi.

Unakumbukwa na mkeo Wilma, binti yako Darla na mumewe Keith, mjukuu wako Travis, dada yako Opal, na kwaya nzima isiyo na besi.

Utusamehe, mpenzi. Siri uliyokwenda nayo kaburini, Alhamisi tunaitoa. Sisi hatutakusahau kamwe, na wao hatutawaruhusu wakusahau.