Nimempeleka Jumanne Polisi

Oldeani, Karatu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mvua imewafikia huko Singida? Huku ni ukungu na baridi, kahawa imeiva, tunachuma kutwa. Mwili wangu ni mzima, ila aibu imenijaa.

Uliponikatia simu sikukulaumu. Kumpeleka polisi ndugu yangu wa tumbo moja si habari ya kumpa mama. Lakini hukunisikiliza hadi mwisho, ndiyo maana naandika.

Tangu kaka Jumanne afiwe na mkewe na kuja huku na binti yake Mwajuma, amekuwa mtu wa pombe. Akilewa anampiga mtoto. Nilimsema, akanijibu, "Mtoto ni wangu." Wiki iliyopita mwalimu akaniita shuleni. Mwajuma alishindwa kukaa kwenye dawati.

"Anasema ameanguka," mwalimu akaniambia. "Wewe ni shangazi yake. Ameangukia wapi?"

Mtoto akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, nisiseme. Nikasema, "Hakuanguka. Baba yake anampiga."

Mwalimu akatupeleka kwa afisa ustawi wa jamii, na yeye akatufikisha dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Jumanne alipokuja kuchukuliwa, kambi nzima ya wachuma kahawa ilisimama milangoni. Akaniambia mbele yao, "Dada, umenivua nguo." Sasa hata shambani wenzangu hunyamaza nikiwakaribia.

Baba mdogo amenipigia, anataka nifute kesi tuyamalize kinyumbani. Tafadhali mama, usiniombe hilo.

Mwajuma yuko kwangu, na afisa huja kumwangalia. Jana asubuhi alimwaga uji. Kabla sijasema neno, akatoka nje, akarudi na fimbo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama tulivyomfundisha kumpa mkubwa kitu. Machozi yakanitoka. Akadhani fimbo haifai, akageuka kwenda kutafuta nyingine. Nilimkimbilia nikamkumbatia, naye akakaza mwili akisubiri kipigo.

Nisalimie mdogo wangu Asha na wanawe, na baba mdogo pia, hata kama amenikasirikia. Mwajuma naye anakuamkia. Anauliza kama bibi anampenda bado, kwa kuwa baba amefungiwa kwa ajili yake. Mimi nimeshamjibu. Lakini anataka kusikia kutoka kwako, mama.

Ni mimi mwanao, nikuoneaye haya na kukupenda,
Zaituni