Pango la Malta na Sahihi Yako

Kwako Baba Nasra, uliko huko Calgary,

Asalaam alaykum. Salamu ni haki yako, na katika haki ulizokuwa nazo kwangu imebaki hiyo moja, kwa hiyo ipokee vizuri.

Utauliza kwa nini barua hii nimeiweka kwenye kundi la simu la Watanzania wa Toronto badala ya kukutumia wewe peke yako. Nimeiweka huku kwa sababu huku ndiko uliko na wasikilizaji. Miaka kumi umewasimulia watu hawa, kwenye Idi, kwenye harusi, hata kwenye matanga ya mzee mmoja kule Thornhill, jinsi ulivyomwokoa mkeo chini ya bahari. Ulisema hadharani, nami nakujibu hadharani. Asiyependa kusoma ya mtu na mtalaka wake aishie hapa.

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa tumehama St. James Town, ile ghorofa ya kumi na saba ambayo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia, tukaja Agincourt. Karibu na nyumba kulikuwa na bwawa, na Jumamosi walifundisha kuzamia kwa mtungi wa hewa. Ulikuja na karatasi ya tangazo mkononi ukasema, "Mama Nasra, twende. Nitakuonyesha bahari." Mimi ni mtu wa Kondoa. Nimekulia mahali ambapo maji tuliyapata kwa kufukua mchanga wa mto mkavu, na kuogelea nimejifunza hapa hapa Toronto, nikiwa na miaka thelathini na mbili. Wewe ni mtu wa Pangani, na hilo hukumwacha mtu alisahau. Mwalimu akieleza namna ya kushusha pumzi, wewe unaninong'oneza, "Haya sisi tunazaliwa nayo." Siku ya kwanza kushuka upande wenye kina ulipanda juu mara tatu unakohoa. Ukasema ni dawa wanazotia kwenye maji.

Sikucheka. Nilikupenda wakati ule, na mtu akipenda hucheka kwa ndani.

Kitu kilichokukera kilikuja baadaye. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wote wanitazame mimi, kwa sababu mtungi wako ulikuwa umekwisha na wangu ulikuwa bado nusu. Anayepumua polepole hewa yake inadumu, hakuna uchawi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na huwezi kumgeuza mzee kitandani huku unahema. Siku hiyo hukunisemesha mpaka tukafika nyumbani, na ulipofika ulisema mtungi wangu bila shaka ulijazwa zaidi.

Mwalimu huyo huyo alitufundisha desturi ya daftari. Kila mzamiaji analo lake. Ukitoka majini unaandika ulishuka wapi, kina gani, uliingia na hewa kiasi gani na umetoka na kiasi gani, kisha mwenzako uliyeshuka naye anatia sahihi kwamba ndivyo. Ukasema huo ni utoto, watu wa bahari hawatembei na madaftari. Mimi nililijaza langu kila mara, na kila ukurasa ulitia sahihi wewe, kwa kuwa mwenzangu alikuwa wewe.

Tukaenda Malta tulipofikisha miaka saba ya ndoa. Binti yetu Nasra alikuwa na miaka mitano, tukamwacha kwa jirani yetu Mrundi, Mama Shukuru. Nitakuwa mkweli, maana lazima mmoja wetu awe: mahali pale palikuwa pazuri sana. Mwamba unashuka wima kama ukuta mpaka chini kusikoonekana, na wewe uko pembeni yake unaelea, huna uzito. Vitu vya rangi ya machungwa vimeota kwenye jiwe, vijisamaki vyekundu vimejibanza kwenye nyufa. Ulinishika mkono. Nilifikiri, basi, huyu ndiye wangu, na hapa ndipo tulipofika, mtu wa Kondoa na mtu wa Pangani. Kumbukumbu hiyo siikani.

Kiongozi wetu, mama wa kisiwani mwenye mvi, alikuwa ametueleza kabla hatujaruka majini. Mtungi ukijaa, geji, kile kipimo cha hewa, inasoma mia mbili. Tukifika kwenye mdomo wa pango, mita kumi na nane chini, angetuuliza kwa ishara kila mtu amebakiwa na ngapi. Aliye chini ya mia na ishirini haingii. Wote tunageuka, hakuna aibu, pango lipo hata kesho. Alisema hivyo hivyo, hakuna aibu. Nadhani alikuwa ameshaona wanaume wengi.

Akaniuliza mimi kwanza. Nikaonyesha kidole kimoja, kisha vinne: mia na arobaini. Akakugeukia wewe. Nilikuona ukitazama geji yako, halafu ukatazama vidole vyangu, halafu ukaonyesha kidole kimoja na vinne. Ulipiga chabo, Baba Nasra. Mtu mzima mwenye ndevu na mtoto nyumbani, unanakili jibu la mkeo chini ya bahari kama mtoto wa darasa la nne. Nilidhani ni bahati tu tumelingana. Ulikuwa na tisini. Hilo ulinitajia mwenyewe baadaye kwenye boti, meno yanagongana.

Tukaingia. Ndani ya pango bila tochi huoni mkono wako, lakini ukigeuka nyuma mdomo wa pango umekuwa dirisha la bluu, na hilo dirisha ndilo watu wanalolifuata. Nilikuwa nalitazama ulipokuja. Bwawani tulifundishwa mpaka tukachoka: ukiishiwa hewa, pitisha mkono shingoni kama anayechinja, na mwenzako atakupa kipumulio chake cha akiba, kile cha njano kinachoning'inia kifuani. Hukupitisha mkono shingoni. Cha njano hukukigusa. Ulinichomoa nilichokuwa nacho mdomoni, na meno yangu ya mbele yakauma wiki nzima.

Kwa woga sikusimangi. Woga ni wa kila kiumbe, na mimi nilikuwa nao tele. Nilikushika ukanda wa begani, nikakutazama machoni, nikakuonyesha kwa mkono: vuta, toa, polepole, kama ninavyomfanyia mzee aliyeamka hajui yuko wapi. Nikakutoa pangoni, nikakupandisha hatua kwa hatua, watu wawili mtungi mmoja. Njia nzima nilikuwa nawaza kitu kimoja: Mama Shukuru atamwambiaje Nasra.

Kwenye boti yule kiongozi alinitazama mimi, wewe hakukutazama. Akalichukua daftari langu akaandika kwa mkono wake: ameingia na mia mbili, ametoka na thelathini, amempa mwenzake hewa ndani ya pango. Akakupa kalamu. Ukatia sahihi yako yenye mkia mrefu, maji yakidondoka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye karatasi. Alipokwenda mbele ya boti ukaniinamia ukasema, "Mama Nasra, nisitiri."

Nikakusitiri. Wanaosoma hapa wanajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Mke ni vazi la mumewe; tulifundishwa hivyo na makungwi na mashehe, na mimi nililishika fundisho hilo kuliko wengi. Sikumwambia dada yangu. Sikumwambia Mama Shukuru, ambaye namwambia kila kitu. Nilidhani ukishafunikwa utatulia ndani ya nguo uliyopewa. Sikujua utatoka nayo nje kucheza ngoma.

Idi iliyofuata nilikuwa ukumbini napakua pilau, nikakusikia nyuma yangu. "Bwana wee, mke wangu aliishiwa hewa. Ingekuwa si mimi, tungekuwa tunamsomea hitima." Rafiki yako mmoja akanisogezea sahani huku anacheka, "Shemeji, mtu wa Kondoa na maji wapi na wapi?" Nikamwongezea nyama, nikarudi jikoni. Wewe ulinitazama mara moja tu, ukaona nimenyamaza, ukaendelea. Mwaka wa pili pango likarefuka. Mwaka wa tatu akatokea papa. Baba Nasra, samaki mkubwa kuliko wote tuliyemwona Malta alikuwa sawa na kiatu chako.

Tuliachana kwa mambo mengine, au nilidhani ni mengine. Ulipoachishwa kazi, miezi miwili mizima uliniaga kila asubuhi na mkoba wako, kumbe unakwenda kukaa maktaba. Nilikuwa nakuuliza, "Kazini vipi?" Unasema, "Safi tu." Kidole kimoja na vinne. Kukosa kazi si aibu, ningekupikia chai tukae wote tutafute nyingine. Lakini wewe huwezi kumwonyesha mtu geji yako, na nyumba haiendeshwi hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila kwako wewe kifo nusura kiniumbue mimi.

Hata hivyo ningenyamaza mpaka kaburini. Nilikuwa nakudharau kimya kimya na nilishazoea, kama mtu anavyozoea goti bovu. Ni wewe uliyenifungua mdomo.

Mwezi uliopita Nasra alifuzu kuzamia, bwawa lile lile letu. Ana miaka kumi na mitano. Nawe ukampigia simu ukamwahidi Malta likizo hii, pango lile lile, wewe na yeye, kisha ukanitumia fomu ya ruhusa, ile anayosaini mzazi anayebaki mtoto anapovuka mpaka na mzazi mmoja. Nikasema sisaini. Nasra Kiswahili anakisikia chote, lakini anajibu kwa Kiingereza. Nakuandikia alichosema kwa lugha yetu ili kikuingie vizuri. Alisema, "Mama, unanizuia kwa sababu wewe uliogopa. Kama si Baba ungekufa. Mimi si mwoga kama wewe."

Alisema bila hasira, kwa huruma, kama anavyosema na mgonjwa. Nilikuwa nakunja nguo. Nikamaliza kukunja ile niliyoishika, nikaenda kabatini, nikatoa sanduku la viatu lenye daftari langu.

Akausoma ukurasa ule akiwa amesimama. Akapitisha kidole kwenye ile sahihi, na pale wino ulipochirizika kwa maji ya nywele zako. Akaniuliza, "Hii si sahihi ya Baba?" Nikasema ndiyo. Nikamweleza yote, vidole na meno na kila kitu. Akausoma ukurasa tena. Halafu akaniuliza, "Kama alikuchomoa kipumulio mdomoni, wewe ulipumua nini?"

Katika miaka kumi ya kusimulia kwako, katika Idi zote na harusi zote, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi nilipumua nini. Nilimwambia nilibana pumzi, nikapapasa gizani mpaka nikakishika kile cha njano, kisha nikalia, Baba Nasra. Sikulia pangoni, sikulia mahakamani tulipoachana, nikalia jikoni mbele ya mtoto.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitanii. Chini ya maji mwenzake angekuwa wewe. Ana kifua kidogo na pumzi za polepole, amerithi kwangu. Kwenye mdomo wa pango kiongozi angewauliza mna ngapi. Nasra angeonyesha mia na hamsini. Nakujua. Nawe ungeonyesha mia na hamsini. Halafu ndani, gizani, ungemchomoa mwanangu kipumulio mdomoni, na kwenye matanga yake ungewasimulia watu jinsi ulivyojaribu kumwokoa.

Kukusitiri nilidhani ni wema, kumbe nilikuwa nakutunzia uongo mpaka ufike umri wa kuua mtu. Hilo ni kosa langu, nalikiri mbele ya wote. Na shemeji aliyeuliza Kondoa na maji wapi na wapi, jibu lake liko kwenye picha ya ule ukurasa, nimeiweka chini ya barua hii.

Majuma matatu sasa, kila Jumamosi nikitoka zamu nakwenda bwawani na Nasra. Suti ya mpira imenibana kiunoni, naye ananicheka. Tumefanya zoezi la kipumulio cha njano mpaka mwalimu akatuambia inatosha. Kila tukitoka majini anajaza daftari lake, natia sahihi mimi. Najaza langu, anatia yeye. Juzi alibakiwa na hewa kidogo kuliko mimi, akaiandika kama ilivyo, wala hakuinamisha uso.

Fomu uliyonitumia sikuisaini. Nimejaza nyingine, nimekutumia leo kwa posta. Penye nchi nimeandika Malta, na penye mzazi anayesafiri na mtoto nimeandika jina langu. Penye mzazi anayebaki nimeandika lako, na mstari wa sahihi nimekuachia. Nasra ndiye aliyebandika stempu.

Isaini uirudishe. Mkia wa sahihi uwe mrefu kama ule wa kwenye boti. Hapa kwangu pana mtu atakayeulinganisha.

Baki salama, na upumue polepole.

Aliyekuwa mwenzako,
Mama Nasra