Jela ya Chumba cha Kufulia

Jumamosi, Barking, London

Likizo kaninyima tena. Bosi anajua viza yangu iko mikononi mwake. Nikiacha hii kazi ya kuhudumia wazee, nafungasha virago.

Halafu leo Rehema kaibuka kwenye grupu letu la bweni, wasichana tuliosoma wote chuo Dar. Wanarudia ile jela yetu ya hisani: mmoja anafungiwa chumba cha kufulia, rafiki zake wanachanga ndipo atolewe, michango inanunua magodoro ya watoto yatima. Mimi nilikuwa mfungwa hodari. Nilipiga mayowe mpaka wahadhiri wakachanga!

"Jamani, mwaka huu tumfungie nani?" kauliza.

Nikaandika, "Mimi nimeshafungwa huku. Nichangieni nitoke."

Wote wakatuma vicheko. "Hujabadilika wewe," Rehema akajibu.

Na mimi nikatuma kicheko.