Aliyeunda Injini ya Danford

Bariadi, 3 Juni 2024

Kwako mdogo wangu Mahona,

Mwadila. Natumaini u mzima huko Mwanza na kile kifua kimeacha kukusumbua. Huku sote wazima isipokuwa mama. Nyonga bado haijamruhusu kusimama, na ananituma tangu asubuhi kama vile nina miguu minne. Anakusalimu, anauliza unakula nini.

Bloku ya injini ya lile gari la mbio, Starlet, inakuja kwa basi la leo, nimeifunga kwa magunia mawili. Barua hii nimeitia ndani ya silinda ya kwanza. Vipimo usiniulize kwenye simu. Unamkumbuka marehemu baba alipokuwa fundi wa kinu cha pamba: kipimo hakisemwi, kinaandikwa, na aliyekiandika anaweka jina lake chini. Mimi nimekua hivyo na sibadiliki.

Mpelekee Theonest wa mashine ya kuchonga. Mwambie injini hii itavalishwa turbo, kwa hiyo silinda zote nne azichonge sawasawa, asinifanyie kama za teksi. Pistoni alizoagiza Danford, mwenye gari, zina bonde juu. Ni makusudi, zinapunguza mgandamizo ili hewa inayosukumwa na turbo ipate nafasi. Asije akasema zimeliwa na panya.

Kazi hii umenitafutia wewe, nami sikatai kushukuru. Danford amesema injini ikimaliza mbio za Agosti, aliyeiunda ndiye atakayeongoza gereji yake mpya. Mahona, nina miaka thelathini na nane. Nimetengeneza pikipiki na mashine za kusaga za watu wa Sapiwi mpaka nazisikia usingizini. Hii nafasi naitaka.

Dada yako,
Nyanjige


Mwanza, 13 Juni 2024

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Kifua kimepona, ila tumbo linakumbuka ugali wako wa mtama. Mwambie mama nakula samaki mpaka nimeanza kuota magamba.

Bloku inarudi na basi hili. Theonest aliichonga siku mbili nzima, akaniuliza huyo fundi wa Bariadi ni mzee gani mwenye maneno makali hivi. Nikacheka tu.

Hapo ndipo nina ombi. Danford nimemwambia tu kwamba injini inaundwa "na sisi, nyumbani". Sijasema ni mwanamke. Unawajua hawa matajiri, akisikia sasa hivi ataanza kuhangaika na kuiondoa kazi mikononi mwetu. Tumwache aone gari linakimbia, halafu tumwambie. Atakuwa hana pa kutokea. Wewe fundi, mimi mdomo. Si ndivyo tulivyokuwa tangu utoto?

Mdogo wako mtiifu,
Mahona


Bariadi, 9 Julai 2024

Mahona,

Wangaluka, mdogo wangu. Mama ameanza kukaa bila kuegemea ukuta. Tunamshukuru Mungu.

Hilo ombi lako sikulipenda. Nimelilalia siku tatu, nikaona una haki kidogo. Basi, mwambie baada ya mbio, lakini siku ileile.

Injini imekwisha, inakuja juu ya lori la pamba, katikati ya marobota, kwa hiyo barabara haitaitikisa. Ringi zimenila siku nne. Ringi moja moja, nimeisukuma ndani ya silinda yake kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, nikapima pengo kati ya ncha zake mbili, nikatoa, nikapiga tupa mara tatu au nne, nikarudisha. Ringi za juu zote nne zina pengo la milimita 0.40. Kitabu cha gari kinasema 0.30, usikisikilize. Kwa nini, nitakueleza ukiuliza.

Bomba la oili la turbo usilibane na kitu cha moto. Na huyo dereva, Thomasi, mwambie akimaliza kukimbia asizime ghafla. Aiache ingurume dakika mbili, turbo ipoe.

Nimeiwekea mkono juu kabla hawajaifunika. Nimejisikia vibaya kuiacha iende peke yake.

Dada yako,
Nyanjige


Mwanza, 29 Julai 2024

Dada,

Hamjambo huko? Mimi sijui kama ni mzima au nimelewa. Imewaka kwa mara ya kwanza, ufunguo mmoja. Thomasi aliipeleka barabara ya Usagara, akarudi, akashuka, akalizunguka gari mara mbili. Danford alinikumbatia mbele ya watu na lile shati lake jeupe, akalichafua. Hakujali.

Mbio ni tarehe kumi na saba. Jioni yake namweleza kila kitu, kisha nakupigia simu umsalimie mwenyewe. Anza kufikiria utampa nani hizo mashine za kusaga.

Wabeja, dada. Asante sana.

Mdogo wako,
Mahona


Bariadi, 6 Septemba 2024

Kwako Mahona,

Natumaini u mzima. Mama anaendelea vizuri, anatembea na fimbo hadi mlangoni.

Nimekupigia mara kumi na moja. Nilidhani umeumwa, nikamwuliza kondakta wa basi, akasema amekuona juzi umenenepa. Nikashukuru. Nikasema labda kazi zimekuzidi.

Jumapili mama alikuwa na redio yake mapajani, mimi nachambua mboga. Nikasikia sauti yako. Mtangazaji anauliza, "Bwana Mahona, gari la kwanza kumaliza mbio, injini uliiunda mwenyewe?" Ukasema ndiyo. Akauliza ulijifunzia wapi. Ukasema kwa marehemu baba yako, kwenye kinu cha pamba, na kwamba ringi ulizipiga tupa kwa mikono yako siku nne.

Siku nne, Mahona. Hata idadi ya siku zangu ulichukua.

Mama alipiga vigelegele. Akaniambia, "Umesikia? Huyo ng'wanone, mwanangu huyo." Akalia kwa furaha, akataka kuwaita majirani. Mimi nikasema ndiyo mama, nimesikia. Ningemwambia nini? Tangu avunjike nyonga sijawahi kumwona akicheka namna ile.

Mimi sina maneno makali leo. Niandikie uniambie ilikuwaje. Labda kuna kitu sikukielewa.

Dada yako,
Nyanjige


Mwanza, 21 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na mama anaendeleaje? Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu, kazi zilinibana na simu iliingia maji.

Mambo ya redio usiyatie moyoni, wale watu hukata maneno wanavyotaka. Tutakaa tuongee nikija Krismasi.

Sasa dada, kuna mteja mmoja wa Shinyanga anataka injini kama ile, Starlet, ila turbo kubwa zaidi na msukumo mara moja na nusu ya ule wa kwanza. Nimeifungua, kila kitu kipo sawa. Nakwama kwenye ringi tu. Je, niache 0.40 ileile au ibadilike? Niandikie kipimo kama kawaida yako. Ninakutumia na khanga mbili za mama, na kilo tano za sangara mkavu.

Mdogo wako,
Mahona


Bariadi, 26 Oktoba 2024

Mahona,

Marahaba. Mama anaenda hadi kisimani na kurudi. Khanga amezipenda, anamwonyesha kila anayepita zawadi ya mwanawe fundi.

Mteja wa Shinyanga hayupo. Redio hiyohiyo ilisema Danford ana gari la pili, na kwamba mkuu wa gereji yake anamwandalia injini ya mbio za Novemba. Mkuu wa gereji yake ni wewe. Wanasema ukila na kipofu usimguse mkono. Ungeendelea kula kimyakimya, mdogo wangu. Kwa nini umeninyooshea sahani na kuniomba nikuongezee mchuzi?

Nimeumia. Naliandika hivyohivyo ili usije ukasema hukuelewa. Nilikulea mgongoni baba alipokuwa zamu ya usiku, nikaacha shule mwaka mmoja ili wewe uende. Hayo sikuyahesabu kamwe, na leo nimejikuta nayahesabu. Hicho nacho umenifanyia.

Nilikaa na barua yako siku tatu. Nilifikiri nisikujibu. Lakini ndani ya gari hilo atakaa Thomasi, ambaye hajanikosea lolote.

Kipimo ni 0.46 kwa ringi ya juu. Na kwa kuwa hukuwahi kuniuliza kwa nini, nakueleza leo. Turbo huleta joto. Joto hurefusha ringi. Pengo likiwa dogo, ncha mbili zinakutana, ringi haina pa kwenda, inang'ang'ania ukuta wa silinda na kuing'oa pistoni kichwa. Msukumo ukiongezeka, joto linaongezeka, na pengo nalo liongezeke. Ukikosea kwa kuliacha kubwa kidogo, utakula oili kidogo. Ukikosea kwa kulibana, utavunja. Itawaka vizuri, itanguruma vizuri, itavunjika kasi ikiwa kubwa.

Sifuri nukta arobaini na sita. Nimekiandika kwa maneno usije ukasema wino ulimwagika.

Dada yako,
Nyanjige


Mwanza, 2 Desemba 2024

Dada,

Sijui nianze na salamu ipi. Mimi ni mzima wa mwili.

Umesikia bila shaka. Mzunguko wa tatu, Thomasi akiwa kasi kubwa, pistoni mbili zilivunjika, oili ikarukia bomba la moshi na gari likawaka. Alitoka mwenyewe. Ameungua mguu wa kulia kuanzia goti hadi chini. Madaktari wanasema atatembea. Kuendesha mbio, hawajui.

Danford alinitaka nimwonyeshe karatasi ya vipimo. Sikuwa na nyingine ila barua yako. Aliisoma yote, amesimama palepale karibu na gari lililoungua. Kisha akapima ringi zilizobaki nzima. Akaniuliza, "Dada yako amekuandikia arobaini na sita. Hizi mbona ni thelathini?"

Dada, nitakuambia ukweli kwa sababu sina kitu kingine kilichobaki. Siku ile ya Agosti Danford aliuliza kwa sauti nani ameiunda, na Thomasi akaninyooshea kidole, na watu wakaninyanyua kabla sijafungua mdomo. Nilipotua chini nilikuwa nimechelewa. Kila siku iliyofuata nilikuwa nimechelewa zaidi.

Na barua yako ilipokuja, niliisoma mara nyingi. Nikasema, huyu amejua kila kitu, ana hasira, halafu ananipa kipimo bure? Ananipanulia ringi injini iteme moshi mbele ya watu, niaibike, ajulikane yeye. Maelezo yale yote niliona ni chambo. Mimi ningekuwa wewe, ndivyo ningefanya. Hata ile 0.40 ya kwanza nikasema ilikuwa bahati tu, nikafuata kitabu.

Danford anataka uje. Gereji ni yako, amesema hivyo mbele ya wote. Nami naomba msamaha, dada. Mwiba wa kujichoma najua hauambiwi pole, lakini wewe ni wewe. Niseme nini kwa mama?

Mdogo wako,
Mahona


Bariadi, 9 Desemba 2024

Mahona,

Nashukuru kwamba Thomasi yuko hai. Nimempelekea mafuta ya ng'ombe ya kupaka kidonda kikianza kufunga, ampe muuguzi ayaone kwanza.

Nimemjibu Danford. Sihami Bariadi, mama ananihitaji. Injini zitakuja huku kwa lori, nitaziunda hapa, zitarudi na jina langu limegongwa kwenye bloku. Ameniuliza nani atakuwa mtu wangu huko Mwanza wa kuzipokea na kuzifunga kwenye gari kama nilivyoandika. Nimempa jina la Theonest.

Kuhusu redio, nilikuwa nimekwisha kukusamehe. Hukujua, sikuwa nimekuambia, nilikuwa nakusubiri Krismasi. Sifa ni sifa, mdogo akichukua ya mkubwa inabaki humohumo nyumbani. Niliimeza hiyo, ilikuwa chungu lakini ilishuka.

Hili la pili halishuki. Umenijua miaka thelathini na mbili. Umekaa na mwandiko wangu mkononi, ukafikiri Nyanjige anaweza kuharibu injini ambayo mtu atakaa ndani yake, ili akukomoe wewe. Uliamini kitabu cha mtu usiyemjua kuliko mimi. Tangu nisome barua yako kila ninapoikumbuka naacha kazi nakaa chini. Sina hasira. Najisikia kama mtu aliyekuta watu wa kwao wanafunga mlango wakimwona anakuja.

Unauliza umwambie mama nini. Sijui. Alikaa na redio yake tena jana, akaniuliza mbona siku hizi hawakutaji. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Basi linafika saa saba mchana, na saa saba mimi nitakuwa kwenye gereji yangu. Funguo ziko kwa mama, chakula kitakuwa kimefunikwa mezani. Ukimaliza kuongea naye, rudi na basi la saa tisa.

Nyanjige